Usalama wa betri za lithiamu ndani ya motohomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na wamiliki wa motohomu, yaani magari yenye kitanda, jiko na pengine choo, ambao wanataka kuondoa betri ya asidi inayohudumia sehemu ya kuishi na kuweka ya lithiamu. Wengi wao wako Ulaya. Wengine ni wenye magari ya safari nchini Tanzania na Kenya yaliyofungwa friji, hema la juu na betri ya pili, na kwao kanuni za umeme ni zilezile, ingawa hali ya hewa na barabara hutofautiana. Msimamo wetu ni kwamba betri nzuri ya aina inayofaa ni salama kwa mtu anayelala juu yake, na kwamba hatari inayostahili kumkosesha usingizi iko zaidi kwenye waya, fyuzi, viungo na chaja. Ndiyo maana majibu marefu zaidi yako kwenye sehemu ya kufunga na ya kuchaji.

## Mambo ya msingi

1. Betri ya ndani ni ipi, na inatofautianaje na betri ya injini?

Motohomu huwa na betri mbili zenye kazi tofauti. Betri ya injini hutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili kuwasha gari, kisha hujazwa tena na alteneta, yaani mtambo wa kuzalisha umeme unaozungushwa na injini. Betri ya ndani hutoa mkondo wa wastani kwa saa nyingi: taa, pampu ya maji, friji, feni ya hita, kuchaji simu na, kwa wenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani), birika au mashine ya kahawa. Ukurasa huu unahusu betri ya ndani pekee.

Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 huhifadhi takribani wati-saa 1,280, na karibu zote zinatumika, ilhali betri ya asidi yenye maandishi hayohayo huharibika mapema ikizoea kushushwa chini ya nusu. Uzito wake ni kilo 10 hadi 13 hivi, badala ya kilo 25 hadi 30. Kwa gari ambalo tayari linakaribia ukomo wa uzito wake wa kisheria, tofauti hiyo si ndogo.

2. Je, hizi ndizo betri zinazowaka moto kwenye skuta na baiskeli za umeme?

Kwa kawaida si aina ileile. Lithiamu ni jina la familia nzima. Baiskeli na skuta nyingi hutumia seli ambazo ncha yake chanya imetengenezwa kwa nikeli, manganisi na kobalti. Seli hizo hubeba nishati nyingi katika nafasi ndogo, lakini zikipata joto kupita kiasi, kemikali zake huachia oksijeni, na moto ukianza hujilisha wenyewe kutoka ndani.

Betri nyingi zinazouzwa kwa ajili ya motohomu ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, zinazoandikwa LiFePO4 au LFP, ambazo zilielezwa na timu ya John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas katikati ya miaka ya 1990. Ndani yake oksijeni imeshikamana kwa nguvu na fosforasi, kwa hiyo haitoki kirahisi hata seli inapopata joto kali. Hazina kobalti kabisa, jambo ambalo wasomaji wetu wa Kolwezi na Lubumbashi, kwenye eneo la migodi ya kobalti ya Kongo, watalipima kwa namna yao. Kwa gari ambalo watu wanalala ndani yake, tunapendekeza LFP na si kitu kingine.

3. Kwa hiyo betri ya LFP haiwezi kuwaka?

Inaweza, na muuzaji anayesema haiwezi asiaminiwe. Kimiminika kilichomo ndani ya seli ni kiyeyusho kinachoshika moto. Seli ikitobolewa, ikichajiwa kupita kiasi bila kinga, au ikipashwa joto na moto wa jirani, hufungua kilango chake cha usalama na kutoa moshi mweupe mzito wenye haidrojeni, monoksidi ya kaboni, mvuke wa kiyeyusho na haidrojeni floridi, ambayo ni sumu inayounguza macho na mapafu.

Kwa sababu LFP haiwaki upesi, moshi huo unaweza kujaa ndani ya gari bila kuwaka, kisha ukakutana na cheche ya friji au ya swichi na kulipuka. Moshi wa betri usichukuliwe kama moshi wa kuungua kwa plastiki. Ni gesi inayolipuka. Hatua za kuchukua zimeelezwa kwenye swali la 19.

4. BMS ni nini, na je, inatosha kunilinda?

BMS ni saketi iliyomo ndani ya betri inayopima volti ya kila seli, joto na mkondo, na kukata umeme pale kimojawapo kinapotoka nje ya mipaka. Betri ya volti 12 ina seli nne zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.2 za kawaida na kikomo cha volti 3.65. BMS pia husawazisha seli hizo ili moja isijae kabla ya nyingine.

Haitoshi yenyewe. BMS inalinda betri. Haiulindi waya unaotoka kwenye betri. Haioni nati iliyolegea, haioni waya uliosuguliwa na ukingo wa bati mpaka shaba ikaonekana, na ikishindwa kufanya kazi mara nyingi haitoi taarifa. Ichukuliwe kuwa kinga ya mwisho. Kama BMS inakata umeme kila wiki, kuna kasoro katika mfumo inayohitaji kutafutwa, na kuiwasha upya tu si matengenezo.

## Kununua

5. Nitajuaje kwamba betri ni nzuri kabla ya kulipa?

Omba hati za majaribio. UN 38.3 ni majaribio ya usafirishaji ambayo kila betri ya lithiamu inapaswa kuwa imepitia, ikiwa ni pamoja na mtikisiko, mabadiliko ya joto na shoti ya makusudi. IEC 62619 inahusu usalama wa matumizi yenyewe. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hata ile ya kwanza hana sababu ya kupewa fedha zako.

Soma pia mkondo wa kudumu ambao BMS inaruhusu, kwa sababu betri ya ampea-saa 100 yenye BMS ya ampea 50 haitaendesha inveta kubwa. Hakikisha kuna kinga ya kuchaji kwenye baridi, nayo iandikwe wazi, isiwe maneno ya mdomo. Kisha ipime kwenye mizani: betri inayodai ampea-saa 100 huku ikiwa na kilo sita au saba haiwezi kuwa na seli za kutosha ndani yake. Mizani haijui kudanganya, na kwa maoni yetu ndiyo kipimo cha haraka kuliko vyote dukani.

6. Je, nitumie seli zilizotolewa kwenye gari la umeme, au nijiundie betri?

Kwa sehemu ya kulala, tunashauri usitumie moduli zilizotoka kwenye gari la umeme lililopata ajali. Nyingi ni za nikeli na kobalti, historia yake haijulikani, na seli iliyopata mtikisiko mkali inaweza kuwa na jeraha la ndani lisiloonekana kwa nje.

Kujiundia kwa seli mpya za LFP ni jambo jingine, na wapo wanaolifanya kwa ustadi. Hata hivyo, anayejiunda anabeba kazi zote za mtengenezaji: kusawazisha seli kabla ya kuziunganisha, kuzibana zisisuguane, kutenga kila kipande cha chuma, kuchagua BMS, na kueleza yote hayo kwa kampuni ya bima. Gari likitikisika kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, seli ambazo hazikubanwa husogea kidogo kidogo hadi viunganishi vyake vinakatika.

7. Naweza kununua betri Dubai nikarudi nayo kwenye ndege?

Hapana. Kikomo cha betri ya lithiamu ambayo abiria anaweza kubeba, tena kwa idhini ya shirika la ndege, ni wati-saa 160; betri ya ndani ya ukubwa wa kawaida inazidi wati-saa 1,000. Tangu Aprili 2016 betri za aina hii zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi hata kama mzigo kwenye ndege za abiria. Njia halali ni meli au ndege ya mizigo, kupitia wakala anayefahamu taratibu za bidhaa hatari, na tangazo la kweli la kilichomo ndani. Kuificha kwenye sanduku na kuiandika kuwa vifaa vya sola ni kuhatarisha maisha ya watu wasiojua wamelala karibu na nini.

## Kufunga

8. Je, naweza kutoa betri ya asidi na kuweka ya lithiamu palepale?

Tangazo husema inawezekana, na kwa maana ya vipimo vya boksi mara nyingi ni kweli. Umeme ndio unaobadilika. Kabla ya kubadilisha, orodhesha kila kinachoweza kuichaji betri hiyo: alteneta, chaja ya umeme wa kambini, kidhibiti cha sola, na wakati mwingine jenereta. Kila kimoja kithibitishwe kuwa kinafaa kwa LFP (maswali ya 13 na 14). Kisha angalia kila waya na fyuzi kati ya betri na mizigo, maana betri ya asidi hupunguza mkondo wake yenyewe inapochoka, ilhali ya lithiamu hutoa mkondo uleule hadi mwisho na hivyo kuanika udhaifu ambao ulikuwa umejificha kwa miaka.

9. Betri ikae wapi?

Ikae ndani ya sehemu kavu ambayo joto lake halipandi sana wala kushuka chini ya sifuri, mbali na hita na bomba la moshi, na isiwe ndani ya kabati la mitungi ya gesi. Chini ya kiti cha abiria ni mahali panapotumika sana na panafaa, mradi pasiwe na mizigo inayorundikwa juu ya vichwa vya betri.

Ifungwe kwa mikanda au vyuma vilivyoshikwa kwenye mwili wa gari, si kwenye ubao wa samani. Katika ajali ambapo gari linasimama kwa nguvu mara 20 ya uzito, betri ya kilo 12 huvuta kwa nguvu sawa na kilo 240, na mkanda wa kubandika hauwezi kuizuia isiruke hadi kwenye kisogo cha dereva. LFP haitoi gesi katika matumizi ya kawaida, lakini tundu la kupitisha hewa kwenda nje ni busara kwa sababu zilizotajwa kwenye swali la 3.

10. Fyuzi ya aina gani, na iwekwe wapi?

Hapa ndipo tunapoona uzembe mwingi, hata katika kazi za mafundi wanaolipwa vizuri. Fyuzi kuu ipo kwa ajili ya kulinda waya. Iwekwe kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kanuni za boti nchini Marekani husema isizidi sentimita 18 au hivi kutoka kwenye betri, nasi hatuoni sababu ya gari la kulala watu kuwa na kipimo kilicholegea zaidi. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kiwe kifupi, kivalishwe bomba la plastiki, na kisipite kwenye tundu la bati lisilo na mpira.

Fyuzi ina namba mbili, na wengi wanasoma moja tu. Ya kwanza ni mkondo unaoikata, kwa mfano ampea 200. Ya pili ni mkondo mkubwa kuliko wote ambao fyuzi inaweza kuukata bila yenyewe kupasuka au kuendelea kupitisha umeme kama cheche. Betri ya LFP ikipigwa shoti inaweza kumwaga ampea elfu kadhaa kwa mara moja. Fyuzi za aina ya MEGA, zinazopatikana kirahisi kwenye maduka ya vipuri, kwa kawaida zimethibitishwa kukata hadi ampea 2,000. Zile za daraja la T hukata hadi ampea 20,000. Tunapendekeza daraja la T kwa fyuzi kuu ya betri ya lithiamu, na MEGA au ndogo zaidi kwa matawi yanayofuata. Bei yake ni kubwa, na bado ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri.

Ukubwa wa fyuzi uchaguliwe kwa kuangalia waya kwanza, kisha mzigo. Fyuzi inayozidi uwezo wa waya inaugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi. Na ikiwa fyuzi imekatika, isirukwe kwa waya wa shaba, hata kwa kilomita kumi za mwisho.

11. Kwa nini kiungo cha waya kinapata moto ilhali waya ni mnene?

Kwa sababu joto la kiungo linatokana na ukinzani wake na mraba wa mkondo. Chukua inveta ya wati 2,000 kwenye mfumo wa volti 12: ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta zaidi ya ampea 165, na ukihesabu upotevu wake hukaribia 185. Sasa chukulia kichwa cha waya hakikubanwa sawasawa na kina ukinzani wa sehemu mbili za elfu moja za omu (omu 0.002), kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha. Kwa ampea 150 tu, kiungo hicho kinazalisha wati 45 za joto katika eneo dogo kuliko kidole gumba. Hicho ni chuma cha kulehemu kilichowekwa juu ya betri na kuachwa. Plastiki hulainika, chuma hupanuka na kusinyaa, nati hulegea zaidi, ukinzani huongezeka, na mzunguko huo huendelea hadi kitu kishike moto.

Kinga yake inajulikana. Tumia waya wa shaba halisi na si alumini iliyopakwa shaba, ambayo siku hizi huuzwa kwa wingi kwa bei ya kuvutia. Ukikwangua uzi wake kwa kisu utaona weupe ndani. Fuata unene uliotajwa kwenye kitabu cha inveta, ambao kwa ukubwa huu huwa milimita 50 za mraba au zaidi hata kwa umbali mfupi. Banisha vichwa vya waya kwa koleo la haidroli, usivipige nyundo wala kutegemea kulehemu. Kaza nati kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango alichotaja mtengenezaji, maana kukaza kupita kiasi huvunja nyuzi za skrubu zilizo ndani ya kichwa cha betri. Kichwa cha waya kigusane na uso wa betri moja kwa moja. Wosha, yaani pete ya chuma ya nati, ikae juu ya kichwa cha waya, kamwe isikae kati yao. Baada ya wiki chache za safari rudia kukaza, halafu endesha mzigo mkubwa kwa dakika kumi na upime kila kiungo kwa kipimajoto cha mwanga. Kiungo kinachozidi wenzake kwa nyuzi nyingi kifunguliwe siku hiyohiyo.

12. Naweza kuunganisha betri mbili au zaidi?

Ndiyo, zikiwa za aina moja, uwezo mmoja, umri unaokaribiana, na mtengenezaji akiwa ameruhusu. Kabla ya kuziunganisha sambamba, chaji kila moja peke yake hadi ijae. Betri iliyojaa ikiunganishwa na isiyojaa humwaga mkondo mkubwa kwa nguvu. Waya chanya wa mfumo utoke kwenye betri ya kwanza na waya hasi utoke kwenye ya mwisho, ili mkondo ugawanyike kwa usawa. Kila betri iwe na fyuzi yake. Kuchanganya lithiamu na asidi kwenye mfumo mmoja bila kifaa cha kuzitenganisha hakufai.

## Kuchaji

13. Je, alteneta inaweza kuichaji betri ya lithiamu moja kwa moja?

Inaweza, na inaweza pia kuungua. Betri ya LFP ina ukinzani mdogo wa ndani, hivyo ikiwa tupu huvuta kila ampea ambayo alteneta inaweza kutoa, kwa saa nzima bila kupungua. Alteneta nyingi za magari hazikujengwa kufanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu, na hali huwa mbaya zaidi injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikinguruma polepole gari likiwa limesimama, kwa sababu feni ya alteneta inazunguka polepole wakati joto ni kubwa.

Hatari ya pili ni ya kinyume. BMS ikikata ghafla katikati ya kuchaji, mkondo uliokuwa ukitiririka hukosa pa kwenda, volti hupanda kwa kishindo, na dayodi za alteneta pamoja na vifaa vya kielektroniki vya gari huweza kuharibika. Ya tatu inahusu magari yaliyotengenezwa kwa viwango vya Euro 6 (viwango vya Ulaya vya moshi wa magari), ambayo alteneta yake hupandisha na kushusha volti kwa amri ya kompyuta ili kuokoa mafuta. Wakati mwingine volti hushuka mno hata betri ya ndani isichajiwe kabisa.

Jibu la yote matatu ni chaja ya DC-DC iliyowekwa kati ya betri ya injini na betri ya ndani. Hupunguza mkondo, kwa mfano hadi ampea 30, hutoa volti sahihi ya LFP, na hutenganisha mifumo miwili. Rilei ya zamani ya kuunganisha betri iondolewe au iachishwe kazi, vinginevyo umeme utaipita chaja mpya na kupita njia yake ya zamani. Kosa hili hutokea mara nyingi kwa sababu rilei imefichwa ndani ya boksi la umeme la motohomu, na fundi aliyefunga chaja mpya hakufungua boksi hilo.

14. Chaja yangu ya umeme wa kambini na kidhibiti cha sola vinafaa?

Vinafaa ikiwa vinaweza kuwekwa kwenye mpangilio wa LFP, yaani volti 14.2 hadi 14.6 wakati wa kujaza, bila hatua ya kusawazisha au kuondoa salfa ambayo katika chaja za asidi huweza kufika volti 15.5 na zaidi. Fidia ya joto, inayopandisha volti wakati wa baridi kwa ajili ya betri za asidi, izimwe. Chaja isiyo na mpangilio huo ibadilishwe. Kuacha BMS iikatie kila siku ni kutumia kinga ya mwisho kama swichi ya kawaida, na tumeshaeleza kwenye swali la 4 kwa nini haifai.

15. Kwa nini isichajiwe chini ya sifuri?

Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi ioni za lithiamu hushindwa kuingia kwenye grafiti ya ncha hasi kwa kasi inayotakiwa, na badala yake hujipanga juu yake kama chuma. Uharibifu huo ni wa kudumu, haurekebishwi na kuchaji kwa upole baadaye, na ukikithiri unaweza kusababisha shoti ndani ya seli. Kutumia umeme kwenye baridi kunaruhusiwa, mara nyingi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuchaji ndiko kunakokatazwa.

Kwa anayekwenda kwenye theluji ya Alps au Scotland, betri yenye hita ya ndani au kuwekwa kwake ndani ya sehemu inayopashwa joto ni lazima. Kumbuka kwamba asubuhi ya jua kali paneli huanza kuchaji mapema, wakati betri bado ina baridi ya usiku. Afrika Mashariki suala hili ni nadra, lakini anayelala kwenye uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambako umande huganda, asilipuuze.

16. Na joto la kwetu je?

Joto ndilo adui wa kawaida zaidi kwa magari ya safari. Betri nyingi za LFP hukataa kuchajiwa joto la seli likizidi nyuzi 45 hadi 55 hivi, na gari lililofungwa vioo juani Mombasa au Muscat linaweza kupita hapo ndani ya boksi lisilo na hewa. BMS itakata na mmiliki ataona sola haichaji adhuhuri. Hiyo ni kinga ikifanya kazi. Hamishia betri kwenye kivuli cha gari, iachie nafasi pembeni kwa hewa, na usiifunge kwenye sehemu ya injini kwa hali yoyote.

## Matumizi na kuhifadhi

17. Gari likikaa miezi kadhaa bila kutumika, nifanye nini?

Ishushe au ipandishe hadi karibu nusu ya chaji, kata kila kitu kwa swichi kuu, na uiangalie baada ya miezi michache. Kuiacha ikiwa imejaa kwenye joto huichosha. Kuiacha tupu huku kengele ya wizi au redio ikinyonya kidogo kidogo huweza kuishusha chini ya kiwango salama. Betri iliyoshuka hivyo isilazimishwe kuamka kwa kuunganishwa na betri nyingine. Muulize mtengenezaji kwanza.

Usikadirie chaji kwa volti. LFP hubaki karibu na volti 13 kwa sehemu kubwa ya safari yake kutoka kujaa hadi kuisha, kwa hiyo unahitaji kipimo chenye shunti kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

18. Ni dalili zipi zinipe wasiwasi?

Boksi lililovimba; harufu tamu inayofanana na ya kiyeyusho cha rangi ya kucha; joto linalopanda ilhali hakuna mzigo; kichwa cha betri kilichobadilika rangi; BMS inayokata bila sababu inayoeleweka. Dalili nyingine haifahamiki sana: kengele ya monoksidi ya kaboni ikilia wakati jiko na hita vimezimwa. Betri inayoharibika, ya lithiamu na hata ya asidi, hutoa gesi zinazoamsha kengele hiyo. Watu huitoa betri ya kengele na kurudi kulala. Usifanye hivyo, toka nje na watu wako wote, kisha ndipo utafute chanzo.

## Dharura na hali zisizo za kawaida

19. Nikiona moshi unatoka kwenye betri nifanye nini?

Toa watu nje, mara moja, bila kurudi kuchukua simu au pasipoti. Simama upande ambao upepo unatokea, mbali na gari na mitungi yake ya gesi. Piga simu: 112 katika nchi za Ulaya, 999 au 112 Uingereza na Kenya, 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania. Waambie wazi kwamba kuna betri ya lithiamu, iko sehemu gani ya gari, na kama kuna mitungi ya gesi. Swichi kuu au plagi ya kambini ikatwe ikiwa tu unaifikia kutoka nje bila kuuvuta moshi. Usifungue kabati la betri ili uone, kwa sababu hewa mpya inaweza kuwasha gesi iliyojikusanya.

20. Nibebe kizima moto gani?

Cha unga husaidia kwenye moto mdogo wa waya au samani kabla haujafika kwenye betri, na kwa sababu hiyo kinastahili kuwekwa karibu na mlango. Hakipoozi seli, moto wa betri uliozimwa kwa unga unaweza kurudi baada ya saa nyingi. Vipo vizima moto vya maji yenye chembe za vemikulaiti vilivyotengenezwa kwa betri za lithiamu, na vinafaa kwa betri ndogo kama za baiskeli. Kwa betri ya ndani ya gari, kinachopooza ni maji mengi, na hiyo ni kazi ya zimamoto. Kizima moto chako kazi yake ni kukufungulia njia ya kutoka.

21. Gari limepita kwenye maji ya mafuriko au limegongwa. Betri bado inafaa?

Ichukulie kuwa haifai hadi ithibitishwe. Maji ya chumvi hasa hupitisha umeme na kuacha kutu ndani ya saketi ya BMS, na hitilafu inaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Liegeshe gari nje, mbali na nyumba na magari mengine, usilale ndani yake, na usichaji.

22. Je, feri na bima zinahitaji taarifa?

Betri iliyofungwa kwenye gari husafiri kama sehemu ya gari. Betri iliyo huru, uliyoinunua na kuiweka tu kwenye kabati, ni bidhaa hatari yenye namba UN 3480, na kampuni ya feri inapaswa kuulizwa kabla ya siku ya safari. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kwamba mfumo umebadilishwa, ikiambatanishwa na cheti au ankara ya fundi. Katika Ulaya mwulize fundi kama kazi yake inafuata EN 1648-2, ambayo ndiyo inayohusu umeme wa volti 12 ndani ya motohomu.

23. Betri imekufa. Niipeleke wapi?

Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, wauzaji na vituo vya taka vya manispaa vina utaratibu wa kupokea betri kuukuu. Kwetu Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi. Betri ya asidi ina risasi yenye thamani, kwa hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu huifuata hadi mlangoni. Ya LFP haina chuma cha thamani hiyo, lakini kwa umbo zinafanana, na mtu akiipasua kwa shoka akitafuta risasi anaweza kuungua vibaya. Usimpe mnunuzi wa chakavu betri ya lithiamu, wala usiiache kwenye rundo la betri za asidi gereji. Mrudie aliyekuuzia, au wasiliana na kampuni za sola na wakusanyaji wa taka za kielektroniki waliosajiliwa. Hadi ipatikane njia, funga vichwa vyake kwa utepe wa umeme, andika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni lithiamu, na iweke mahali pakavu nje ya nyumba ambapo watoto hawafiki.